Mbona wana familia hawa hawatazamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona kitabuni picha ya mchoraji Mfaransa Edgar Degas iitwayo Familia ya Bellelli: mama amesimama, mabinti wawili wamevaa aproni nyeupe, na baba ameketi kitini. Mimi naona nyumba iliyotulia, lakini mwenzangu anashikilia kuwa hapo pana ugomvi. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amekaribia zaidi, ingawa ugomvi ni neno zito kupita kiasi. Kwa picha za aina hii, kwanza fuata macho ya watu. Laura, ambaye ni mama, anatazama mbali kana kwamba yuko peke yake. Binti yake Giovanna, aliyesimama mbele yake, anatutazama sisi. Gennaro, ambaye ni baba, ametugeuzia mgongo na kuwageuzia wenzake uso, lakini hakuna jicho linalompokea. Kisha angalia mguu wa meza, ambao unakata picha wima na kumwacha baba upande wake. Binti wa pili, Giulia, aliyeketi katikati huku mguu mmoja ameukunja chini yake, hajaegemea upande wowote, na kwangu mimi huyo mtoto ndiye ufunguo wa picha nzima.

Hata hivyo, si huzuni yote iliyomo inayotokana na ndoa. Nguo nyeusi za Laura ni za msiba wa baba yake, Hilaire, aliyefariki mwaka 1858, na mchoro wa marehemu umetundikwa ukutani karibu kabisa na kichwa cha Laura. Tena familia hii ilikuwa Florence, Italia, kwa kuwa Gennaro alikuwa mkimbizi wa kisiasa kutoka Naples. Kwamba Laura hakuwa na raha na mumewe tunajua kwa barua ambazo Laura, shangazi wa Degas, alimwandikia mchoraji huyo. Picha yenyewe inaonyesha umbali tu, na msomaji makini hachanganyi ushahidi wa barua na ushahidi wa rangi. (Mbwa anayetoka upande wa kulia, kichwa kimekatwa na ukingo wa picha, wengine humpa maana nzito, mimi naona ni utundu wa mchoraji.)

Utulivu uliouona huenda umechangiwa na kitabu chenyewe. Picha halisi, iliyoko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay mjini Paris, ina urefu wa takriban mita 2 kwenda juu na upana wa mita 2.5, na ukiipunguza itoshe kwenye ukurasa, nafasi iliyo kati ya mume na mke nayo hupungua.