Fizi za mama zinatoka damu: je, ni uzee?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana umri wa miaka 76, anaishi Machame, na ameugua kisukari kwa muda mrefu. Amebakiwa na meno tisa, fizi zinamtoka damu, na siku hizi anakula mtori tu. Yeye husema ni uzee. Nimesoma kwamba wazee wa Kiinuit, kaskazini mwa Kanada na Greenland, zamani hawakuwa na meno yaliyooza ingawa hawakutumia mswaki. Je, uzee wa huku ni tofauti?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uliyoyasoma ni kweli kwa sehemu kubwa. Wazee hao walikula samaki na nyama ya sili na nyangumi, chakula kisicho na sukari ya kuwalisha bakteria wanaotoboa meno. Kilichoyapunguza meno yao ni kazi, hasa kwa wanawake, ambao walitafuna ngozi za wanyama ili zilainike kwa kushonea nguo na viatu, hata meno yakasagika. Sukari, biskuti na soda zilipofika madukani mwao, meno yalianza kuoza, na kisukari, kilichokuwa nadra kwao, kikaongezeka.

Kwa hiyo uzee peke yake haung'oi jino. Damu hiyo ni dalili ya ugonjwa wa fizi, ambao humshika mgonjwa wa kisukari kwa nguvu zaidi kwa sababu sukari nyingi mwilini hudhoofisha kinga yake. Na uvimbe wa fizi usipotibiwa, sukari nayo huwa ngumu kushuka. Inanisikitisha kuona mgonjwa akihudhuria kliniki ya kisukari miaka mingi bila kuambiwa hata mara moja afungue kinywa. Mpeleke kwa daktari wa meno aondolewe ugaga, ukichukua na dawa zake zote, maana baadhi ya dawa za presha hukausha mate, na kinywa kikavu huoza upesi.

Ikiwa meno yake yana madoa ya kahawia, kama wengi waliokulia Arusha kwenye miteremko ya Meru, hayo yanatokana na floraidi iliyozidi kwenye maji ya utotoni. Si uozo, wala msiyasugue kwa mchanga.

Mtori ni chakula chema, lakini mwongezee maharage yaliyopondwa, samaki na parachichi, na chai yake isitiwe sukari. Akiwekewa meno ya bandia, ayavue kila usiku, ayasugue, kisha ayaloweke kwenye maji safi.