Ukitaka Orpheus Asikike, Shusha Noti Mbili

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia kazi yake ya muziki wa kompyuta ya dakika 9 aliyoiita Poseidon, jina la mungu wa bahari wa Wagiriki, akauliza: kwa nini kila anayeisikia humwambia inafaa kupigwa mahali pa kukandia watu mwili? Nimeisikiliza kwa makini. Ina sauti ya bahari, ina kwaya ya kompyuta inayoimba "aaa" kwa skeli ya maina, ina mwangwi mzito tangu mwanzo hadi mwisho. Iite Himalaya badala ya Poseidon, hakuna kitakachopungua. Hapo ndipo penye tatizo, na ni tatizo la wengi wanaoipenda fani hii ya muziki wa kompyuta unaobeba visasili. Wamewapa miungu ya Ugiriki kazi ya kupamba jalada, wakati visasili vyenyewe vimejaa muziki na Wagiriki wenyewe waliacha hesabu za noti zao zilizoandikwa.

Kwanza chagua tukio, usichague mungu. Poseidon ni jina tu; hana mwanzo wala mwisho. Orpheus, mwanamuziki wa visasili, kushuka kuzimu kumfuata mkewe Eurydice, kupewa sharti asigeuke nyuma, kisha akageuka: hilo lina mwendo, na muziki unataka mwendo. Marsyas mpiga filimbi kushindana na Apollo, mungu wa muziki, filimbi dhidi ya kinubi, tayari ni mpangilio wa ala mbili. Nitamtumia Orpheus kama mfano mpaka mwisho.

Sasa tyuni, yaani namna noti zinavyopangwa kwa urefu wa sauti, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndiyo roho ya kazi. Wagiriki hawakujenga muziki wao juu ya kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) tatu au nne zinazozunguka. Walijenga juu ya fungu la noti nne linaloitwa tetrakodi. Noti mbili za pembeni hazisogei, na kati yake ni umbali unaoitwa nne safi, yaani senti 498. (Nusu toni ya piano ni senti 100.) Mbili za ndani ndizo zinazohama. Archytas wa Tarentum, mwanahisabati wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alitoa vipimo vya aina tatu za tetrakodi. Ukihesabu kutoka chini, aina yake ya kidiatoniki iko kwenye senti 0, 63, 294 na 498. Ya kikromatiki ni 0, 63, 204 na 498. Ya kienharmoniki ni 0, 63, 112 na 498.

Tazama vizuri hizo namba. Kinachobadilika ni noti moja tu, ile ya tatu: 294, halafu 204, halafu 112. Inashuka hatua kwa hatua huku nyingine zote zimesimama. Ukiwa na Orpheus anayeteremka kuzimu mikononi mwako, unatafuta nini tena? Safari yake unaipata ndani ya tyuni yenyewe, kabla hujagusa mwangwi wala kwaya.

Kutengeneza oktava nzima, weka tetrakodi ya pili juu ya senti 702. Ukianzia E, kidiatoniki cha Archytas kinakaa hivi: E 0, F 63, G 294, A 498, B 702, C 765, D 996, E 1200. Surge XT ni sintesaiza ya bure, yaani programu ya kutengeneza sauti za ala, na inasoma faili za tyuni zenye mwisho wa .scl. Faili hilo unaliandika kwa programu yoyote ya maandishi. Mstari wa kwanza ni maelezo, wa pili ni idadi ya noti, halafu noti zenyewe, kila moja na mstari wake. Ile 0 haiandikwi. Andika noti 12, ili kila kitufe cha kinanda kipate yake na oktava ibaki oktava: 63.0, 204.0, 294.0, 400.0, 498.0, 600.0, 702.0, 765.0, 906.0, 996.0, 1100.0, 1200.0. Hizo za vitufe vyeusi ni za kujaza nafasi tu. Ukiandika noti 7 peke yake bila ramani ya vitufe (faili linaloeleza kitufe kipi kipige noti ipi), oktava itakamilika kila baada ya vitufe 7 na vidole vyako vitapotea kabisa.

Kuna makosa mawili yanayoua kazi hapa. La kwanza ni nukta. Ukiandika 63 bila nukta, programu huisoma kuwa uwiano wa 63 kwa 1, na noti hurukia juu kabisa. La pili ni mahali pa kuanzia. Bila ramani, Surge huanza kuhesabu kwenye C ya katikati, kitufe nambari 60. Weka faili la ramani, .kbm, linaloanzia nambari 64, ambayo ni E.

Kosa la tatu si la faili, ni la masikio. Watu huweka tyuni hii kwenye sintesaiza moja, halafu wanaongeza kwaya au nyuzi kutoka programu nyingine iliyobaki kwenye tyuni ya piano. F ya Archytas iliyo juu ya E ya katikati iko kwenye Hezi 342 hivi. F ya piano iko kwenye 349. Zikilia pamoja utasikia mtetemo wa mara 7 kwa sekunde, na msikilizaji atadhani spika imeharibika. Ama kila ala isome faili lile lile, ama isiyoweza kusoma ibaki kwenye E, A na B tu. Noti hizo hazipishani na piano zaidi ya senti 2, na hakuna atakayelalamika.

Kumshusha Orpheus sasa. Kwenye programu yako ya kurekodi fungua njia (traki) mbili zenye sauti ile ile na faili lile lile. Njia ya kwanza ipige noti zote isipokuwa G na D. Njia ya pili ipige G na D peke yake. Weka kiwango cha pichi-bendi (kidhibiti cha kuvuta noti juu au chini) cha njia ya pili kwenye nusu toni 2, yaani senti 200. Kwa kikromatiki vuta chini asilimia 45. Kwa kienharmoniki asilimia 91, ambayo ni senti 182. Chora mstari huo polepole, kati ya dakika ya 2 na ya 4 na nusu. Ikiwa sauti ina mkia mrefu, bendi itaukokota mkia wa noti iliyopita nayo itanyong'onyea vibaya, kwa hiyo punguza muda wa kuzimika uwe chini ya milisekunde 300 kwenye sehemu hiyo. Orpheus anapogeuka, rudisha bendi kwenye sifuri kwa ghafla. Usiisawazishe.

Mapigo nayo. Nyimbo mbili za kumsifu Apollo zilichongwa kwenye ukuta wa hazina ya Waathene kule Delphi, patakatifu pa Apollo huko Ugiriki, pamoja na alama za noti zake, na mwendo wake mkuu ni wa mapigo matano. Basi weka 5/8, tempo 100 kwa robo noti: kila nane (nusu ya robo noti) inachukua milisekunde 300, na kipimo kizima sekunde 1.5. Sauti ya kurudia iweke milisekunde 900, ambazo ni nane tatu. Ukiacha ile ya robo noti inayokuja na programu, utasikia mbili juu ya tano na mwendo wote utayumba.

Kuhusu ala, filimbi ya aulos ilikuwa mirija miwili yenye matete, na tundu lake lilikuwa na upana ule ule kwa urefu wake. Bomba la namna hiyo lenye tete hutoa zaidi harmoniki (sauti ndogo zinazolia juu ya noti yenyewe) za witiri. Ndiyo maana, kati ya mawimbi ya sauti ya sintesaiza, wimbi la mraba hulikaribia kuliko wimbi la msumeno, na ndiyo maana zumari la pwani yetu, ambalo tundu lake hupanuka, halifanani nalo ingawa nalo lina tete. Weka osileta (vitoa-wimbi vya sintesaiza) mbili za mraba zilizopishana senti 5, moja ishike E bila kuachia, nyingine iimbe. Kichujio kikate juu ya Hezi 2,000, na noti ichukue milisekunde 30 kuingia.

Kinubi tunacho hapa nyumbani. Nyatiti ya Wajaluo, obokano ya Abagusii na endongo ya Baganda ni za ukoo mmoja na lira ya Kigiriki: nyuzi zimetoka kwenye mti wa juu ulioshikwa na mikono miwili, zikashuka kwenye kisanduku kilichowambwa ngozi. Nyatiti ina nyuzi 8, na oktava yetu ina noti 8. Mwombe mpigaji atyuni kwa kipima-noti cha simu: F ipungue senti 37, G 6, A 2, C 35, D 4, B izidi 2. Asipofika E anzia noti yoyote iliyomfaa, uhamishe baadaye. Rekodi kila uzi kwa nguvu 4 tofauti, maikrofoni sentimita 25 kutoka kwenye ngozi. Mlipe, na jina lake liandikwe kwenye kazi. Inaniuma kuona watu wananunua sampuli za kinubi kutoka ng'ambo huku mabingwa wa Siaya wanakaa bila kazi.

Vangelis, mtunzi wa Kigiriki aliyezaliwa 1943, ndiye anayeigwa zaidi katika fani hii, na anaigwa vibaya. Wanachukua ukubwa wa mwangwi wake na kuacha mkono wake. Sintesaiza ya Yamaha CS-80 aliyoipiga ilisikia mgandamizo wa kila kidole peke yake, ndiyo maana ndani ya kodi moja noti moja iliweza kuvimba huku nyingine zimetulia. Kama kinanda chako hakina uwezo huo, chora mgandamizo kwa panya ya kompyuta, noti moja moja, uufungulie kichujio. Kazi inachosha, lakini hakuna plagini (programu ya nyongeza) itakayokufanyia.

Mwangwi sasa. Jumba la kale la maonyesho la Epidauros, Ugiriki, halina paa, na linasifika kwa sauti kusikika wazi. Basi dunia ya juu ipe mwangwi usiozidi sekunde 1.2. Kuzimu ipe sekunde 7, ukikata kila kilicho chini ya Hezi 200, maana besi ikirundikana humo hufunika zile senti 112 ulizozihangaikia. Ukiweka sekunde 7 tangu mwanzo, Orpheus hana pa kushukia.

Mwisho usikandamize sauti. Iache kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -16 hadi -18, kilele kisipite desibeli -1, utoe faili la WAV la biti 24.