Corolla 110 na skana isiyounganika: ninunue ipi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Corolla 110 ya 1998, injini 5A-FE, imetoka Japani. Taa ya injini inawaka. Nimenunua kile kifaa kidogo cha ELM327 cha bluetooth, cha kusomea hitilafu za gari kwa simu; kinawaka vizuri, lakini simu inagoma kuunganika na gari. Ni skana gani ya bei nafuu itakayoisoma?

Jibu: Ndugu, shika hela yako kwanza. Kifaa kuwaka maana yake kimepata umeme wa betri pini ya 16 ya soketi ya gari na ethi (waya hasi) pini ya 4, basi. Marekani ililazimisha OBD2, yaani lugha moja ya magari kuongea na skana, kwa modeli za 1996, Ulaya kwa magari ya petroli 2001, Japani ikachelewa zaidi. Gari la soko la Japani la umri huo linaweza kuwa na soketi ileile ya pini 16 lakini linazungumza lugha ya Toyota tu. Skana ndogo za mkononi, hata za kampuni nzuri, nyingi zinajua OBD2 ya kawaida peke yake. Utalipa zaidi ukwame palepale.

Kodi zake, yaani namba za hitilafu, unaweza kuzisoma kwa kipande cha waya. Fungua boneti, tafuta kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Majina ya matundu yapo ndani ya kifuniko. Zima AC na taa, gia P au N, mguu usiguse mafuta. Unganisha TE1 na E1, kisha weka swichi ON bila kupiga stata. Soma majina mara mbili: ukigusisha +B na E1 unaunguza fyuzi.

Sasa hesabu taa ya injini. Ikipepesa mara 3, ikatulia sekunde 1.5, ikapepesa mara 1, hiyo ni 31. Kati ya kodi na kodi inatulia sekunde 2.5. Ikipepesa mfululizo bila kutulia, hakuna kodi. Namba 21 ni sensa ya oksijeni, 22 joto la maji, 41 sensa ya throtoli. 31 ni sensa ya vakyumu, na hapo watu wengi hukimbilia kununua sensa: anza na plagi na waya zake, kisha kagua kampira kake (paipu ndogo ya mpira) kama kamepasuka au kamechomoka. 51 hutokea AC ikiwa imewashwa au ukikanyaga mafuta, hivyo rudia kipimo. Ukishatengeneza, zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 30, kodi zinafutika.

Ukitaka kuona vipimo injini ikiunguruma, soketi yako ya pini 16 lazima iwe na chuma kwenye pini ya 7, ambayo ndiyo ya kuongea na skana. Toyota hizi mara nyingi huongea na skana kwa kasi ya 9600 badala ya 10400, na anwani 13 badala ya 33. Ndiyo maana kwenye Torque (programu ya simu ya kusoma gari), kwenye mipangilio ya gari, huandikwa amri za ATIB96 na ATIIA13, kila moja mstari wake. ELM327 za bandia zenye jina v2.1 nyingi hazizielewi amri hizo. Tafuta yenye chipu ya PIC18F25K80, ambayo kwa kawaida huuzwa kama v1.5. Hata hiyo haikubali kila gari, kwa hiyo mwambie muuzaji aichomeke kwenye gari lako na uone mizunguko ya injini ikipanda ukikanyaga mafuta, ndipo ulipe.