Una poti kifuani? Ongea kabla nesi hajachoma

Nyie mliowekewa poti (kile kidude cha chini ya ngozi ya kifua chenye mrija unaoingia mshipa mkubwa, cha kupitishia dawa na kuchukulia damu) Dar au India halafu mkarudi huku kwetu Mbeya, haya ni yenu. Raha ya poti ni kwamba haupekuliwi tena mkono kutafutwa mshipa, maana baridi ya huku mwezi wa 6 na wa 7 mishipa inajificha kabisa. Sasa shida ni kwamba sio kila nesi ameshakutana nayo, kwahiyo usikae kimya eti utaonekana mjuaji.

La kwanza sindano. Ni ya peke yake, inaitwa Huber, ncha yake imetengenezwa isimege kile kimpira cha poti kikaja kuvuja. Sindano ya kawaida kataa, hata wakisema ni mara moja tu jamani kataa. Mimi zangu naagiza Dar zinakuja na basi, natembea nazo kwenye kimfuko pamoja na kadi ya poti. Sirinji iwe ya ml 10 au zaidi, zile ndogo presha yake inaweza kupasua mrija. Glavu ziwe zile steraili, nesi avae barakoa, na dawa ya kusafishia ngozi iachwe ikauke yenyewe, sio kupepewa na karatasi ya faili.

Ile damu ya kwanza, kama ml 5, inamwagwa, usiwaze wanakumaliza, imechanganyika na maji na heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya poti. Kipimo cha kuganda kwa damu mimi naombaga wachukue mkononi tu, manake heparini ikibaki hata kidogo majibu yanaharibika.

Saa ingine maji yanaingia vizuri ila damu hairudi. Hapo wasivute kwa nguvu. Nyanyua mkono, geuza shingo, vuta pumzi, lala chali, kohoa, mimi sista mmoja alinikohoza mpaka wa benchi la pili wakaanza kusogea wakidhani TB, lakini damu ikaja! Ikigoma kabisa mwachieni daktari, kuna dawa ya kuyeyusha kilichoganda. Ila pakiuma au pakivimba wakati wanasukuma maji, waambie waache hapohapo.

Wakimaliza kuchukua damu poti ioshwe na maji ya chumvi ya hospitali (saline), wengi wanatumia ml 20. Na hata kama tiba imeisha, uliza hospitali yako ratiba ya kuiosha, wengine kila mwezi wengine wanakaa muda mrefu zaidi. Ukianza homa au kutetemeka baada ya kuoshwa, usisingizie baridi ya Uyole ukameza panado ukalala, nenda hospitali siku hiyohiyo.