Ukienda kliniki, omba na kipimo cha homa ya ini

Mume wangu alikwenda kumchangia damu shangazi yake. Siku chache baadaye akapigiwa simu arudi: damu yake ina virusi vya homa ya ini, aina ya B. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya pili. Nikapima. Ninavyo.

Kilichoniuma ni kwamba nilishahudhuria kliniki mara mbili hapa Mbeya. Nilipimwa VVU, kaswende na wingi wa damu, nikaambiwa niko salama. Hicho kipimo kingine hakuna aliyekitaja, nami sikujua kuuliza. Kwa hiyo dada yangu, uwe Mbalizi, Tukuyu, Makambako au Mafinga, kitaje kwa jina: "Naomba na kipimo cha homa ya ini B." Ni tone la damu ya kidole, majibu hayachukui muda. Usingoje macho yawe ya njano. Mimi sikuwa na dalili yoyote.

Daktari alinieleza jambo lililoninyima usingizi. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda virusi wenyewe. Lakini kati ya vichanga 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hivi hubaki navyo, na mbele ya safari ini linaweza kusinyaa au kupata saratani. Kinga ipo: chanjo ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Chanjo ya Penta tunayoizoea, ya wiki ya 6, 10 na 14, inayo kinga hiyo ndani yake, ila kwa mtoto wa mama kama mimi wiki sita ni mbali mno.

Virusi vyangu vilikuwa vingi, nikaanzishiwa tenofovir, vidonge vya kupunguza virusi, kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Ndiyo, wenye VVU nao huitumia, na jirani alipoliona lile kopo maneno yalizunguka mtaa mzima. Nililia, kisha nikameza. Na wewe umeze.

Chanjo ndiyo iliyotutoa jasho. Nilikopanga kujifungulia haikuwepo, ikabidi mume wangu azunguke mjini hadi akaipata. Tafuta mwezi mzima kabla, si siku ya uchungu. Na msiiweke nyumbani eti kwetu Uyole kuna baridi: inataka nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika. Tulikubaliana na muuguzi ikae kwenye friji yao ya chanjo, jina langu limebandikwa. Juu ya kadi yangu ya kliniki nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto achomwe chanjo hiyo akizaliwa tu. Nilijifungua saa nane usiku, na kabla hakujapambazuka mtoto alishachomwa.

Mama mkwe wangu alikuwa amenitengea kikombe, na alitaka mtoto apewe maziwa ya ng'ombe. Sikubishana naye. Nilimwomba, "Mama, twende wote kliniki," akasikia kwa muuguzi mwenyewe: kula pamoja na kukumbatiana hakuambukizi, wembe na mswaki wa kuchangia ndiyo hatari, na mtoto anyonye kama kawaida. Jioni ile alininywesha uji kwa kikombe chake.

Mtoto alipimwa alipotimiza mwaka. Hana. Dada yake naye hana. Mimi bado ninavyo, na kila miezi sita napanda daladala kwenda kupimwa ini.