Maswali Yenu: Wakubwa wakikutana New York, mwani wangu unapata nini?

*Assalaam alaykum Bibi. Mie nalima mwani huku Tumbe, Pemba. Kila Septemba redioni nasikia marais wamekutana New York, haufiki mwisho wa mwaka wanakutana tena kwa habari ya tabianchi. Kwetu mwani mnene haukai tena. Maji yakipata joto unafanya weupe na kukatika kambani. Hiyo mikutano imewahi kutuletea nini sie wa Pemba? Na huko nani anatusemea? – Mkulima wa mwani, Tumbe*

Waalaykum salaam, mwanangu. Swali lako la kwanza naweza kulijibu kwa daftari, maana mie umri wangu wa kazi nimeumaliza kwenye maabara ya hospitali hapa hapa Pemba, nikisoma vioo vya damu.

Daftari letu lilikuwa na safu ya majibu upande wa kulia. Malaria ikionekana unatia alama ya kujumlisha kwa wino mwekundu: moja kama vijidudu ni vya kutafuta, nne kama vimejaa kama mchele uliomwagika. Msimu wa masika ukurasa ulikuwa mwekundu kutoka juu mpaka chini, na kalamu nyekundu ikiisha tukaazimana na wa wodi ya watoto. Wao nao walikuwa na matumizi nayo.

Sasa, Septemba 2000 wakubwa walikutana New York wakaandika malengo ya milenia. Yalikuwa manane, na moja lilitaja malaria. Karatasi ile haikuzuia hata mbu mmoja. Kilichozuia mbu ni kilichofuata: Aprili 2001 Kofi Annan alisimama Abuja akataka kiundwe kikapu cha fedha, Julai mataifa manane makubwa wakakutana Genoa wakaahidi kutia chochote, na Januari 2002 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ukaanza kazi. Mwaka 2005 Wamarekani wakaja na mpango wao wa malaria. Kutokana na mifuko hiyo Zanzibar ikapata dawa mseto mahala pa klorokwini iliyokuwa haitibu tena, vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na watu wa kupiga dawa kutani. Kwetu mama mkwe alikataa chandarua wiki nzima, akisema anajiona yumo ndani ya jeneza. Siku ya nane akakiomba mwenyewe.

Nilipostaafu niliacha ukurasa mzima wenye alama moja tu nyekundu, tena ya mgeni aliyeshuka kwenye meli kutoka bara. Hicho ndicho nilichokiona kwa macho yangu kikitoka mkutanoni kikafika Pemba, na kilifika kwa sababu mkutano ulizaa mfuko, na mfuko ulikuwa na mwenye kutia na mwenye kuhesabu. Kwa hiyo ukisikia redio, iache picha ya pamoja. Sikiliza kama kuna mfuko, na nani katia.

Lakini usilale. Wazee wetu waliwahi kufika karibu hivyo hivyo. Miaka ya sitini Shirika la Afya Duniani lilipiga dawa visiwani humu mpaka homa ikawa ya kuhadithiwa, mpango ukasimamishwa 1968, na homa ikarudi na hasira zake. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa saini ya siku moja. Niliposikia, wallahi niliikumbuka ile kalamu nyekundu.

Ahadi zenyewe zina tabia ya kuchelewa. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kila nchi tajiri itoe asilimia 0.7 ya pato lake kusaidia wengine. Norwei, Uswidi, Denmark na Luxembourg walifika, wakubwa wengi mpaka leo hawajafika. (Hao Wanorwei ndio waliotoa fedha nyingi za waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Wewe pengine mdogo, hukuyajua majenereta ya Wesha yaliyotuwashia taa kabla yake.) La tabianchi ndilo lililonichosha zaidi: Copenhagen, 2009, waliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Zilitimia 2022, na sehemu kubwa ni mikopo. Mtu kakumwagia maji ndani, halafu anakukopesha ndoo ya kuyatolea!

Mwaka huo huo wa 2022, Sharm el-Sheikh, walikubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu, kwa nchi zilizokwisha kuumia. Mwani wako unaokatika ni hasara ya namna hiyo hiyo.

Nani anakusemea? Zanzibar ilikuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa kuanzia Desemba 1963 mpaka Muungano wa Aprili 1964. Tangu hapo anayeketi ni Tanzania, ingawa mtu wetu Salim Ahmed Salim aliwahi kuwa Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979. Mambo ya nje ni ya Muungano, mazingira si ya Muungano, na mwani wako umekaa katikati kama kidau maji yanapokupwa. Kwa hiyo muulize mbunge wako Dodoma wameombea nini kwenye ule mfuko wa hasara, na mwakilishi wako wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar muulize kama wakulima wa mwani wametajwa humo. Usimuulize mmoja, atakutuma kwa mwenzake.

Na huku unangoja, mwani mnene usiung'ang'anize kwenye maji ya magoti, ndiyo yanayochemka jua la mchana. Wenzio upande wa Unguja wamejaribu kuupeleka maji marefu yaliyo baridi, wanaufuata kwa vyombo. Kamba zake na uzito wake ni kazi nyingine, na kuogelea lazima ujue. Bamvua hili nenda na mwenzio, mfunge kamba mbili tu huko nje, muone. Matokeo niandikie.