Gato ya bangi haina sawa na kuvuta: mi nilijuaka vibaya

Nianze na sheria kabla hamjanirukia. Huku kwetu Congo bangi imekatazwa, kuvuta, kuuza, kupikia, yote, na polisi akikukuta na gato mu sakoshi usifikiri utasema ni dawa ya bibi akakuachia. Mi hii mambo nilijifunzaka Johannesburg, mu Yeoville, fasi Bacongomani tumejaa mpaka unasikia Swahili na Lingala toka asubuhi. Kule toka 2018 korti ya katiba ilisema mtu mukubwa akitumia kwake mu nyumba, bila kuuza, haina kosa. Huku Lubumbashi sipiki na sikutumi upike. Ila biskwi za bangi zinafika, batu banakula mu fete kama karanga, na juzi kijana mumoja wa avenue yetu walimukimbiza hospitali analia anakufa. Njo maana naandika.

Yangu ilikuwa siku ya posho. Yaya mumoja tulikuwa tunapanga naye alipika gato, akakata vipande vikubwa sawa sabuni ya kufulia. Nikakula kimoja. Dakika arobaini, hakuna kitu. Nikasema huyu yaya ananichezea, hii ni unga na sukari tu, nikakula kingine, kisha na kile cha mwenzetu alikuwa amelala. Tukatoka kununua mkate. Tulipofika kwa duka nikashika ukuta juu niliona barabara inapumua, mdomo umekauka kama nimetafuna unga wa bukari, moyo unapiga mpaka nausikia mu masikio. Nilirudi nikalala chini mu bafu, tile zilikuwa baridi, hiyo tu njo ilinisaidia. Naangalia saa, naona nimelala pale masaa mawili, kumbe ni dakika sita. Kesho yake saa nne ya asubuhi kichwa bado kilikuwa kinazunguka.

Kosa langu lilikuwa saa, haikuwa bangi. Ukivuta, moshi unapita mu mapafu na baada ya dakika kidogo unajua uko wapi. Ukikula, lazima ipite tumbo, kisha ini, na ini inabadilisha ile THC, njo kile kitu cha bangi chenye kinalevya, kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi. Inaweza kuchelewa nusu saa, inaweza kuchelewa masaa mawili, hasa kama ulikula bukari na sombe ukashiba kwanza. Ikipanda inapanda mpaka saa ya tatu hivi, na inakaa masaa sita, nane, wengine zaidi. Kwa hiyo mwenye anaongeza kipande juu "haijanishika" anakula deni ambayo atalipa usiku.

Na wale banaosema bangi mbichi haifanyi kitu, kidogo beko na haki. Jani bichi liko na THCA, yenye bado hailevyi, na paka moto njo unaigeuza kuwa THC. Tena haipendi maji, inapenda mafuta, njo maana batu banapitisha mu siagi ao mafuta, na mwenye anachemsha mu maji tupu anakunywa majani na hasira. Shida ya jikoni ya nyumbani ni kwamba hakuna mtu anayejua nguvu yake. Mbabula ya makala haina namba, leo moto mkali kesho moto mlegevu, na harufu inajaza parcelle yote mpaka bailleur anakuja kuuliza.

Fanya hesabu hii uone. Gramu moja ni miligramu 1000. Kama jani liko na THC asilimia 15, gramu moja inabeba kama miligramu 150 za THC. Ukitia gramu moja tu mu gato ya vipande kumi, kila kipande kinaweza kufika 15, na mtu hajazoea anaanzaka na 2.5. Kanada sheria inaruhusu miligramu 10 kwa paketi nzima! Sasa yule yaya wangu alitia "mkono moja". Na kama hakukoroga vizuri, kipande kimoja ni kitupu, cha pembeni yake ni bomu.

Usichanganye na lutuku wala bia. Usipande pikipiki, hata kama unajisikia sawa. Mwenye mimba, mwenye moyo mgonjwa, mwenye kwao kuna magonjwa ya akili, aache kabisa, hapo sina mjadala.

Lakini kinachoniogopesha ni batoto. Gato ni gato, haina sura ya bangi. Yeovilleni kule yaya aliwekaka siagi yake mu kopo ya margarini, mu frigo, bila alama. Mama mkwe wake akaja toka Likasi kutembea, asubuhi akafungua frigo anataka kukaangia mtoto wa miaka mitatu mayai. Kopo ilikuwa imeshafunguliwa, kijiko ndani. Tulimnyang'anya mkononi, tukamdanganya imeoza, na mpaka leo anatuona batu bachafu. Mtoto mdogo akikula hiyo anaweza kulala usingizi ambao haamuki vizuri, hata pumzi ikasumbua. Usingojee, kimbia hospitali.

Mkubwa akizidisha: umpeleke fasi ya kimya, mpe maji kidogo kidogo, alale ubavu, mtu mmoja abaki naye. Maziwa, kahawa, kumtapisha kwa nguvu, acheni. Kifua kikiuma, akitetemeka kama degedege, ao akikataa kuamka, twende kwa daktari, na mwambieni daktari ukweli. Yule kijana wa avenue yetu, bandugu zake walisema amekula samaki mbaya. Wakapoteza karibu saa nzima wanatafuta sumu ya samaki, mpaka msichana mumoja wa ile fete akatoa mu sakoshi nusu ya biskwi, imefungwa mu kitambaa cha karatasi, akaiweka mbele ya infirmier bila kusema neno.